Maji ya Jumapili

"Yachukueni," nilisema. Neno moja tu, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba cha wazee wa kanisa, baada ya ibada ya pili, tumbo likidai chakula na moyo ukiwa umejaa sifa. Ningeweza kukirudia kiti kile leo, ningelimeza neno hilo hata kama lingenikaba. Lakini nililitoa, waliokuwamo wakapiga makofi, na mchungaji akasema tuombe.

Nilichowaambia wachukue ni maji. Hayakuwa yangu.

Sisi tunaoishi kwenye mteremko wa Meru, huku juu ya Usa River, tunaishi kwa mifereji. Maji yanatolewa mtoni karibu na msitu, yanateremshwa kwa mfereji wa udongo hadi kwenye migomba yetu, na kila ukoo una siku yake. Siku yako ikifika, unaondoa gogo la mgomba lililoziba tawi lako, maji yanaingia shambani. Jioni unaliziba tena kwa gogo na matope. Anayesimamia zamu hizo anaitwa mzee wa mfereji. Baba yangu alikuwa mzee wa mfereji, na baada yake nikawa mimi.

Jumapili haikuwa na ukoo. Babu zetu walipobatizwa waliacha kushika jembe siku hiyo, maji yakawa yanapita bure hadi bondeni. Ndipo walipokubaliana kwamba maji ya Jumapili yawe ya wale wasio na mtu wa kuwasemea kwenye mfereji: wajane, wagonjwa, na mtu aliyehamia asiye na ukoo hapa. Kuondoa gogo si kulima, walisema, ni kama kumfungulia mtu mlango. Hakuna aliyeandika jambo hilo popote, wala hakuna aliyelivunja. Baba alikuwa akinichukua asubuhi kabla ya ibada tukakague kama magogo ya koo zote yameziba sawasawa, ili yasivuje hata kidogo kabla ya kufika chini kwa wenye haki nayo. Aliweza kupiga magoti kwenye matope akiwa na suruali yake ya kanisani ili akandike ufa mdogo tu. Halafu tukaenda kuimba. Nilijifunza Ukristo pale kwenye matope kabla sijajua kusoma, na nasema wazi kwamba sijapata tena somo lililo bora kuliko lile.

Dada yangu alikuwa mmoja wa wale wa Jumapili. Mume wake alifariki mapema, wakabaki yeye na binti mmoja, na shamba lao lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji, mahali ambapo siku za koo nyingine maji hufika yakiwa ute tu. Kwa maji ya Jumapili alilima mboga za mnafu na figiri, na magimbi, akafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, akauza sokoni Tengeru, akasomesha binti yake. Hakuwahi kuomba mtu.

Ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa sijaanza shule, na dada ndiye aliyenipikia, akanifulia, akanichapa. Nilipokuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, kila Jumapili baada ya ibada nilipita kwake kunywa chai ya maziwa kwa magimbi ya kuchemsha. Mke wangu alizoea kunicheka: "Nenda kwa mama yako, chakula chako nitakifunika." Nilikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, dada akiniuliza mchungaji kahubiri nini, kana kwamba hakuwapo. Alikuwapo. Alitaka tu kuona kama nilikuwa nasikiliza.

Sasa nieleze ilivyokuwa kwenye kile chumba cha wazee.

Usharika wetu ulikuwa umeamua kujenga kanisa jipya. La zamani lilitutosha, isipokuwa siku ya Krismasi, lakini usharika jirani ulikuwa umejenga lenye mnara, na tangu siku ile hatukulala vizuri. Mchungaji wetu alikuwa kijana, ametoka chuo cha uchungaji Makumira si zamani, mpole, mwenye haraka. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa mfanyabiashara mwenye malori, mtu wa sauti kubwa ambaye hata akiomba sala ya chakula unadhani ananadi ng'ombe.

"Wazee wangu," alisema, "mchanga upo, kokoto zipo. Saruji ipo. Tofali tutafyatua wenyewe. Tunachokosa ni maji. Na maji yapo, yanapita hapo nyuma kila Jumapili yakienda kwenye magimbi!"

Watu wakacheka. Mama mmoja, kiongozi wa kina mama wa usharika, hakucheka.

"Hayo ya Jumapili yana wenyewe," alisema. "Na wale wajane wa chini?"

"Mama, wajane si ndio kanisa lenyewe? Tukijenga kanisa, tumewajengea wao."

"Watakula tofali?"

Wakacheka tena, safari hii kidogo. Mchungaji akakohoa, akanigeukia. "Mzee wetu wa mfereji, sisi hatuwezi kuamua. Mwenye neno ni wewe. Na nilitaka kukuomba jambo jingine. Baba Askofu atakapokuja kuweka jiwe la msingi, tungependa wewe ndiye usimame naye, umshikie chombo cha maji ya kuchanganyia saruji. Kwa sababu maji yatakuwa yametoka mkononi mwako."

Ndivyo ilivyokuwa. Sikutishwa na mtu. Hakuna aliyenipa kitu. Niliona tu picha: mimi na koti langu jeusi, nimesimama karibu na Baba Askofu, kwaya inaimba, watu wa usharika jirani wanatazama. Yule mama alinikodolea macho. Nikayakwepa, nikasema, "Yachukueni." Kisha nikaongeza, ili nafsi yangu ilale, "Lakini ni kwa muda tu."

Jumapili iliyofuata nilipita kwa dada kama kawaida. Chai ilikuwa tayari. Alinimiminia, akaweka magimbi mbele yangu, akasimama mlangoni akiwa ameshika kiuno.

"Wewe," alisema, "maji yako wapi?"

"Kanisa limeyaomba, dada. Kwa ajili ya ujenzi."

"Limemwomba nani?"

"Mimi."

"Na wewe ulimwomba nani?"

Nikapuliza chai, ingawa haikuwa ya moto kiasi hicho. "Ni kwa muda tu. Mpaka tufike kwenye linta."

"Linta ni nini?"

"Ule mkanda wa zege juu ya madirisha."

"Aha. Basi niuambie mnafu wangu usubiri linta." Akaketi. "Kunywa chai yako, mzee wa kanisa. Hiyo imepikwa kwa maji ya jana niliyobeba kichwani kutoka mtoni. Ina ladha ya shingo yangu."

Tulicheka wote wawili. Nilidhani kucheka kule kulikuwa msamaha.

Linta ikafika. Mwenyekiti akasema haiwezekani kuacha sasa, tusubiri kuezeka. Nikamwambia dada, "Mpaka bati." Bati likapigwa, likang'aa mpaka watu wa barabara kuu wakawa wanaliona. Nikamwambia, "Mpaka lipu." Lipu ikaisha, ikaja sakafu. Kila mara nilibeba tarehe ya uongo kutoka kanisani hadi kwake, na kila mara aliniwekea chai, mpaka magimbi yakaisha shambani na akaanza kuniwekea chai tupu. Sikuuliza magimbi yako wapi. Nilikuwa nimejifunza kutouliza. Wajane wenzake wawili walisogezwa na watoto wao kwenye zamu za koo zao, wakapata kidogo. Dada hakuwa na mtoto wa kiume wala shemeji wa kumsemea. Alikuwa na mimi, mzee wa mfereji, na mimi ndiye niliyeyatoa.

Jiwe la msingi liliwekwa mwanzoni, ndiyo. Nilishika chombo. Baba Askofu alichovya mwiko, akanitazama, akasema, "Asante, mzee." Nikabaki na maneno hayo mawili.

Nataka niseme kuhusu sikukuu ya mavuno ya mwaka ule, kwa sababu hapo ndipo nilipofanya jambo baya kuliko lile la kwanza.

Asiyejua desturi yetu aelewe hivi: siku ya mavuno kila mtu analeta madhabahuni alichovuna. Mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, maziwa kwenye vibuyu, mahindi, mayai, hata mbuzi. Baada ya ibada vyote vinatolewa nje uwanjani, vinanadiwa, na watu wanavinunua kwa bei kubwa kuliko ya sokoni, kwa furaha, kwa utani mwingi. Mimi naupenda mnada ule. Ni siku ambayo waumini wanakuwa watu.

Wakati wa kuleta sadaka, dada yangu alitoka kwenye benchi la nyuma, akaja mbele taratibu akiwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Mkononi alikuwa na fungu moja la mnafu, amelifunga kwa ugwe wa mgomba kama alivyofunga mafungu ya Tengeru miaka yote. Lilikuwa limekauka. Halikuwa limenyauka kwa jua la njiani. Lilikaukia shambani likiwa bado limesimama, majani ya njano yenye ncha nyeusi. Akaliweka kwenye ngazi ya madhabahu, kati ya mkungu wa ndizi na kapu la mayai, akainama, akarudi kukaa. Kwaya iliendelea kuimba. Nadhani wengi walidhani ni uzee.

Mimi nilielewa. Nilielewa tangu alipoinuka kwenye benchi.

Nje, aliyenadi ni yule yule mwenyekiti wa ujenzi, maana kwa sauti ile hakuna mwingine angefaa. Akauza ndizi, akauza jogoo, akamtania mwalimu mkuu kwamba ananunua mayai kwa sababu kuku wake wamegoma. Watu walikuwa wamechangamka. Kisha akalifikia lile fungu. Akaliinua juu kwa vidole viwili.

"Haya, haya! Hii ni nini? Nani ana mbuzi anaumwa tumbo? Dawa ya kienyeji hii!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. "Tumbaku hiyo!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Mzee, nunua uvute!"

Nilikuwa nimesimama karibu naye, kama mzee wa kanisa, nikishika kapu la kukusanyia. Alinigeukia akanionyesha fungu kwa kucheza, kama unavyomwonyesha rafiki. Nami nikacheka.

Nimetafuta njia ya kulieleza hili kwa namna nyingine. Nimejiambia kwamba kicheko cha kundi kinamchukua mtu kama mafuriko. Nimejiambia nilicheka kwa aibu. Haisaidii. Dada alikuwa amesimama chini ya mti wa greveria na kina mama, akaniona meno. Katika kicheko kile hakuna mtu aliyekumbuka mwenye lile fungu isipokuwa sisi wawili, na yule mama wa chumba cha wazee, ambaye alipita katikati ya watu, akampokonya mwenyekiti lile fungu mkononi, akalibana kifuani kwake na kusema, "Nimenunua mimi. Endelea na kuku zako." Nilipotazama tena chini ya mti, dada alikuwa ameshaondoka.

Jumapili ile sikupita kwake. Niliogopa. Iliyofuata nilipita, mlango ukiwa umefungwa.

Alihama kabla ya mvua za masika. Binti yake alikuwa amepata kazi kwenye kampuni ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, akapanga nyumba Kisongo, akaja na kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi. Nilisikia mlio wa gari nikakimbilia, kadiri miguu yangu ilivyoweza. Walikuwa wameshapakia godoro, masufuria, tetea wawili kwenye tenga, na chipukizi la mgomba lililofungwa kwenye gunia bichi. Ng'ombe alikuwa ameshauzwa, nyasi zilikuwa zimekwisha zamani.

"Shikamoo, mjomba," binti akasema, bila kunitazama.

"Marahaba. Dada, subiri basi. Nitaongea na mchungaji. Wiki hii hii."

Dada alikuwa anafunga tenga kwa kamba. "Umeshaongea naye," alisema. "Uliongea siku ile. Alikusikia vizuri."

"Nitayarudisha maji."

"Yarudishe. Kuna wajane wengine watakuja, mfereji haukosi wajane." Akavuta kamba akaikaza. "Mimi sina hasira na kanisa, mdogo wangu. Kanisa halinijui. Wewe ulikunywa chai yangu."

Akapanda mbele, karibu na dereva. Chipukizi la mgomba alilipakata mapajani kama mtoto. Nilibaki nimesimama kwenye majani makavu, na jambo la kijinga nililolifikiria wakati ule ni kwamba Kisongo hakuna mgomba unaoota.

Hapo ndipo nilipoamka, na nilipoamka nilikuta nimechelewa. Nilikwenda kwenye baraza la wazee kudai maji. Mchungaji alikuwa ameshahamishwa, amekuja mwingine, mtu mzima, mwenye utaratibu. Kanisa lilikuwa limekwisha. Hakuna tofali lililobaki kufyatuliwa. Lakini kulikuwa na bustani. Kina baba wa kamati walikuwa wameona kwamba maharusi wanaopiga picha hapa huacha shukrani nzuri, wakapanda nyasi za kizungu, waridi na miti ya kukatwa mviringo, na bustani hiyo ilikuwa inakunywa maji ya Jumapili yote, kuanzia asubuhi mpaka jioni, huku sisi tukiwa ndani tunamwimbia Mungu kwamba anawalisha wenye njaa.

"Mzee," mchungaji mpya aliniambia kwa upole, "nimeelezwa kwamba maji hayo yalitolewa kama sadaka. Sadaka hairudishwi."

"Huwezi kutoa sadaka kitu cha mwenzako."

"Lakini wewe ndiye uliyekitoa."

"Ndiyo maana nakuja mimi!" Nilipiga meza. "Mimi ndiye niliyeiba. Nakuambia mwizi mwenyewe, rudisha!"

Mwenyekiti wa ujenzi akanishika bega. "Mzee, tulia. Presha. Kwani wajane wenyewe wako wapi? Shamba lile sasa ni majani tu. Unataka tumwagilie majani?"

Alisema kweli, na hiyo kweli sisi ndio tulioitengeneza. Tulimkausha mtu mpaka akaondoka, kisha tukasema hakuna mwenye kuhitaji. Nakasirika mpaka leo ninapoandika. Nimewasikia watu hao hao wakihubiri kwenye jumuiya za asubuhi kuhusu mjane wa Injili aliyetoa vyote alivyokuwa navyo, wakimsifu, wakifuta machozi, na hakuna hata mmoja anayejiuliza siku iliyofuata yule mjane alikula nini. Tunawapenda sana wajane walio kwenye kitabu. Wale wa mwisho wa mfereji wanatuchelewesha.

Jumapili moja sikuingia kanisani. Nilichukua jembe, nikiwa nimevaa koti langu lile jeusi, nikapanda hadi tawi la kanisa, nikaliziba kwa mawe na matope kwa mikono yangu, nikapiga magoti kama baba. Maji yakashuka. Niliyafuata pembeni mpaka shamba la dada. Yaliingia, yakatambaa kati ya mashina makavu ya magimbi, yakajaza mashimo ya panya, yakatulia. Hakukuwa na mtu wa kuyapokea. Nilikaa pale mpaka ibada ikaisha na vijana wa kwaya wakapita wakinisalimia, "Shikamoo babu," wakitazama suruali yangu iliyojaa tope na kunong'onezana. Wiki iliyofuata kamati ilijenga mlango wa zege na chuma kwenye tawi lile, ikauwekea kufuli. Sijawahi kuona kufuli kwenye mfereji tangu nizaliwe. Baba angeliona angedhani watu wameingiwa na wazimu.

Nikaacha uzee wa kanisa. Walisema kwenye matangazo kwamba nimeomba kupumzika kwa sababu ya umri, wakanipa kitenge na ndoo ya plastiki. Ndoo! Sikujua kama kuna aliyekusudia. Nadhani hapana, na hilo linaniudhi zaidi.

Nilikwenda Kisongo kumtembelea. Upepo kule unabeba vumbi mpaka linaingia kwenye meno. Maji wananunua kwa madumu, au wanasubiri bomba linalotoka linapojisikia. Jirani wa dada alikuwa mama wa Kiislamu, mume wake fundi wa magari, wenye bomba lao uani, na alikuwa amemwambia dada asinunue maji kamwe. Nilipofika nilimkuta dada anatoka kwake na dumu dogo.

"Huyu ndiye kaka yako yule mzee wa kanisa?" mama yule aliuliza, akinipima kwa macho.

"Alikuwa," dada akajibu.

"Kaka au mzee wa kanisa?"

Dada akacheka kidogo tu. "Karibu," akaniambia.

Chipukizi la mgomba lilikuwa limepandwa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, likimwagiliwa maji yaliyooshewa vyombo. Lilikuwa na majani matatu yaliyochanikachanika. Nikalisifu. Akasema, "Linajitahidi." Kisha akamtuma mtoto wa jirani dukani, na mtoto akarudi na soda ya baridi, chupa bado ina jasho. Akaifungua, akaiweka kwenye kisahani, akanisogezea kwa mikono miwili.

Kwetu mgeni ndiye anayenunuliwa soda. Mtu wa nyumbani anakunywa chai iliyopo. Nilikuwa sijawahi kupewa soda na dada yangu tangu soda zianze kuuzwa. Alikuwa mchangamfu, aliniuliza habari za mke wangu, za watoto, za mvua. Hakuniuliza mchungaji kahubiri nini. Nilimwomba msamaha siku ile, kwa maneno kamili, nikitaja linta, nikitaja bati, nikitaja mnada na kicheko changu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," alisema. "Kila siku nasali Baba Yetu, nitafanyaje? Maliza soda yako, jua linazama, usije ukakosa gari."

Nilikwenda mara nyingine kadhaa. Kila mara nilikuta soda.

Nilijaribu kumwambia arudi, nitamwachia zamu ya ukoo wetu, siku yangu yote, hata migomba yangu ikauke. Alitikisa kichwa. "Sasa nimezeeka kusubiri maji," alisema. Nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba namtaka yeye arudi, si shamba lake. Nilizungumza habari za mfereji tu. Hata msamaha wenyewe niliuomba kama mtu anayefunga hesabu na baraza.

Alifariki mwaka jana, wakati wa kiangazi, baada ya kuumwa kifua kwa muda mfupi. Binti alinipigia simu, nikauliza tumlete lini nyumbani. "Mjomba," akasema, "mama alisema azikwe huku. Alishapata mahali pa kaburi."

Tulikwenda na gari la kukodi kutoka mlimani, mimi, mke wangu, watoto, na yule mama wa chumba cha wazee, mzee kama mimi sasa, anatembea na fimbo. Turubai lilikuwa limefungwa uani, likipigwa na upepo. Mbele, karibu na jeneza, kulikuwa na viti vya familia: binti, mume wake, wajukuu, na yule jirani wa Kiislamu na mume wake fundi, wamevaa kwa heshima, wameketi kimya. Nilikwenda moja kwa moja mbele. Kwetu mjomba haulizwi anapokaa. Mjomba ndiye anayesema kwa niaba ya watu wa mama, na nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno.

Binti akainuka, akanishika mkono kwa heshima, macho yake mekundu.

"Mjomba, pole."

"Pole, mwanangu. Nikae hapa?"

Akatazama chini. "Mama alisema ukija upewe kiti kizuri. Upande wa wageni."

Wakanipeleka. Kilikuwa kiti kizuri kweli, chenye mto, katika mstari wa kwanza wa wageni, pembeni kidogo, kwenye kivuli. Yule jirani ndiye aliyesimama kueleza maisha ya marehemu, akasema alivyopenda mgomba wake, alivyocheka, alivyofundisha watoto wa mtaa kufunga mafungu ya mboga. Hakunitaja. Hakuwa na sababu ya kunitaja. Wakati wa kutupia udongo niliitwa pamoja na marafiki.

Kanisa letu ni zuri. Kila Jumapili naingia, nakaa benchi la nyuma alipokuwa akikaa yeye, na namwamini Mungu yule yule aliyemfanya baba yangu apige magoti kwenye matope. Ibada ikiisha natoka, napita nyasi za kizungu zilizolowa, na miguu yangu bado inataka kukata kona kwenda kule chini. Nyumba yake imeanguka upande mmoja.

Nilitoa maji ambayo hayakuwa yangu ili nisimame karibu na askofu, na uamuzi huo ulinigharimu dada yangu, mtu pekee aliyekuwa mama kwangu. Alinisamehe, kisha akafa nikiwa mgeni wake.